Kupiga Picha Madawati Matupu: Chicago, Oktoba 1963

Kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikipata riziki yangu kwa kupiga picha za video hapa Dar es Salaam, kwenye harusi, mahafali, mikutano ya ushirika na misiba, na katika muda wote huo hakuna mteja aliyewahi kuniomba nimpige picha mtu ambaye hakufika. Kamera hulipwa kwa ajili ya waliohudhuria. Ndiyo maana, nilipoitazama kwa mara ya kwanza filamu fupi iitwayo '63 Boycott, inayohusu mgomo wa wanafunzi wa Chicago dhidi ya ubaguzi wa rangi katika shule za jiji lao, swali lililonishika halikuwa la siasa bali la kazi. Kiini cha tukio lile kilikuwa watoto kutokuwepo mahali walipotakiwa kuwepo. Siku ya Jumanne, tarehe 22 Oktoba 1963, watoto karibu 225,000, yaani karibu nusu ya wanafunzi wote wa shule za umma za Chicago, hawakwenda shule. Ukisimamisha kamera mbele ya darasa ambalo wanafunzi wake wamegoma, utakachokipata ni darasa tupu, na mtazamaji hatajua kama ni mgomo, likizo au kipindupindu.

Filamu yenyewe ni ya dakika 30 tu na ilitolewa mwaka 2017 na Kartemquin, asasi ya watengenezaji wa filamu za hali halisi iliyoanzishwa Chicago mwaka 1966. Picha zake za zamani, hata hivyo, zilipigwa kabla asasi hiyo haijazaliwa. Gordon Quinn, mmoja wa waasisi wake, alikuwa bado kijana wa Chuo Kikuu cha Chicago alipoingia barabarani siku ile na kamera ya milimita 16 ili kuwapiga picha waandamanaji. Kazi hiyo haikufika kwenye ukumbi wowote wa sinema wakati ule. Filamu zilirudishwa mikebeni, zikakaa humo kwa takriban nusu karne, na ni kukaa huko ndiko kulikonifanya niandike haya, ingawa nitalazimika kwanza kueleza jambo lililokuwa likipingwa, kwa sababu lilikuwa jambo gumu kuonekana kwa macho.

Wengi wetu tukizungumza juu ya ubaguzi katika shule za Marekani, picha zinazotujia akilini ni za majimbo ya Kusini. Tunamkumbuka Elizabeth Eckford, mwanafunzi Mweusi wa Little Rock, mwezi Septemba 1957, akitembea peke yake na miwani myeusi, huku kundi la Wazungu likimfuata nyuma na kumzomea. Tunawakumbuka watoto wa Birmingham mwezi Mei 1963, wakipigwa na maji ya mipira ya zimamoto na kutishwa kwa mbwa wa polisi. Mwezi uliofuata George Wallace, gavana wa Alabama, alisimama mlangoni pa chuo kikuu cha jimbo lake kuwazuia wanafunzi wawili Weusi wasiingie, naye alijua fika kwamba kamera zilikuwa zikimsubiri. Katika picha hizo zote ubaguzi una uso, una mdomo unaopiga kelele, una rungu. Mpiga picha hahitaji kueleza lolote. Anachohitaji ni kuwa na filamu ya kutosha na moyo wa kutokimbia.

Chicago haikuwa na mlango wa aina hiyo. Hakukuwa na sheria ya jimbo iliyosema kwamba mtoto Mweusi asome hapa na mtoto wa Kizungu asome kule, na tangu tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kutamka kwamba shule za umma zilizotenganishwa kwa rangi zinavunja Katiba. Kilichokuwepo ni ramani. Familia za Weusi zilizohamia kutoka Kusini kwa makumi ya maelfu zilijikuta zimebanwa katika mitaa ya kusini na magharibi ya jiji, kwa sababu katika mitaa mingine hawakuuziwa wala kupangishwa nyumba, na mipaka ya shule ilichorwa kufuata mitaa hiyo. Shule za Weusi zikajaa hadi pomoni, ilhali umbali mfupi kutoka hapo kulikuwa na shule za Wazungu zenye viti visivyokaliwa na mtu. Benjamin Willis, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa shule za jiji tangu mwaka 1953, alikuwa na jibu lake: watoto Weusi wasome kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, na pale ambapo zamu hazikutosha, yaletwe madarasa ya kuhamishika.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zamu mbili ni nini. Nilisoma kwa zamu mimi mwenyewe, nikitoka nyumbani saa sita mchana na tumbo limejaa uji na usingizi. Tofauti ni kwamba sisi tulisoma kwa zamu kwa kuwa chumba kingine hakikuwepo. Kule vyumba vilikuwepo, na watu walikuwa wakivipita njiani. Lakini mpaka wa shule huchorwa kwa kalamu ofisini, na hakuna lenzi iwezayo kuuona. Unaweza kupiga picha pande zote mbili za mtaa mchana kutwa na usipate hata alama moja ya mahali ambapo mtoto wa upande huu anakatazwa kuvuka.

Willis mwenyewe ndiye aliyewapa wapiga picha kitu cha kupiga. Yale madarasa yake ya kuhamishika yalikuwa matela ya chuma, marefu, yaliyoegeshwa katika viwanja vya shule zilizofurika, mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza. Watu wakayabatiza jina la mabehewa ya Willis, kwa Kiingereza Willis Wagons, na Rosie Simpson, mama mmoja aliyekuwa mstari wa mbele katika upinzani ule, ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa jina hilo. Mimi nalihesabu kuwa mojawapo ya kazi kubwa kabisa za uandishi katika harakati zile, ingawa ni maneno mawili tu. Jina lile liliibeba hoja nzima ya mpaka, ya nyumba na ya viti vitupu, likaiweka juu ya kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Tangu hapo aliyetaka kuuonyesha ubaguzi wa Chicago alilielekezea tela kamera yake, na mtazamaji akaelewa: serikali ya jiji ilikuwa tayari kununua shule ya chuma kuliko kumruhusu mtoto Mweusi avuke mitaa michache.

Kiangazi cha mwaka 1963 mgogoro ulihamia kwenye kiwanja kilichopo makutano ya Mtaa wa 73 na Lowe, upande wa kusini wa jiji, palipokuwa pakitayarishwa kwa ajili ya matela hayo. Wazazi na vijana walijilaza mbele ya mashine za kusawazisha ardhi, wengine wakajifunga kwa minyororo, na polisi wakawainua na kuwabeba mmoja mmoja. Mchekeshaji Dick Gregory alikamatwa huko. Alikamatwa pia, tarehe 12 Agosti, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago aitwaye Bernie Sanders, ambaye baadaye alitozwa faini ya dola 25. Hapa ndipo kamera ilipopata picha ya aina ya Kusini, yaani miili, udongo, magari ya polisi na mikono inayovuta miguu ya mtu. Mwaka 2016, Sanders alipokuwa akiwania kuteuliwa kugombea urais, watu wa Kartemquin walizipitia upya filamu zao za zamani na kumwona kijana aliyefanana naye akikokotwa na polisi, na watu wa kampeni yake wakathibitisha kwamba ndiye.

Nakiri kwamba habari hiyo ilinifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Ilinifurahisha kwa sababu inaonyesha thamani ya kutotupa kitu. Iliniudhi kwa sababu watu wengi duniani waliposikia kwa mara ya kwanza kuhusu kiwanja kile, walisikia kwa sababu ya seneta mmoja wa Kizungu aliyepita hapo akiwa kijana, na si kwa sababu ya akina mama waliokuwa wakifika pale wakijua kwamba watoto wao ndio watakaoingizwa kwenye matela. Kamera ilikuwa imewatendea haki wote. Sisi watazamaji ndio tuliochagua wa kumkuza.

Mwanzoni mwa Oktoba mambo yalikwenda haraka. Willis, akiwa amebanwa na amri ya mahakama iliyohusu uhamisho wa wanafunzi, alijiuzulu. Bodi ya Elimu ikakataa kumwachia na kumbembeleza arudi, naye akarudi. Kurudi huko ndiko kulikowasha moto. Baraza lililoyaunganisha mashirika ya kijamii na ya haki za raia jijini likatangaza Siku ya Uhuru, mratibu wake akiwa Lawrence Landry, na likawataka wazazi wasiwapeleke watoto shuleni tarehe 22. Kwa kuwa wazazi hawakutaka watoto wazurure, yalifunguliwa madarasa ya siku moja katika makanisa na kumbi za mitaa, yakaitwa shule za uhuru. Mchana watu wapatao 10,000 waliandamana katikati ya jiji hadi kwenye ofisi za Bodi.

Picha za maandamano hayo ndizo moyo wa filamu. Tunawaona vijana wakitembea kwa safu kati ya majengo marefu, na mabango yanayomtaka Willis aondoke. Sikuona damu wala mbwa. Mhariri wa habari wa siku zile, mwenye dakika chache za kujaza jioni, angeweza kuzitazama picha hizi na kusema kwamba hakuna kilichotokea. Na dakika kweli zilikuwa chache: ni mwezi uliotangulia tu, Septemba 1963, ambapo taarifa za habari za jioni za CBS na NBC zilikuwa zimerefushwa kutoka dakika 15 hadi 30, na nusu saa hiyo ilipaswa kuibeba dunia nzima. Mwezi mmoja kamili baada ya mgomo, tarehe 22 Novemba, Rais Kennedy aliuawa, na kamera zote za nchi zikageukia upande mwingine. Ukitaka kujua kwa nini watu wengi hata katika Marekani yenyewe hawakuwahi kusikia habari za mgomo wa Chicago, nadhani jibu mojawapo ni hilo. Tukio lilikuwa kubwa mno kwa idadi na tulivu mno kwa picha.

Kwa jicho la mpiga picha, hata hivyo, nyayo za mtu anayejua anachotafuta zinaonekana. Anayefika kwenye maandamano kwa mara ya kwanza hutafuta mahali pa juu, ghorofani au juu ya gari, ili auonyeshe umati. Nami nilifanya hivyo katika maandamano yangu ya kwanza ya Mei Mosi, nikarudi na saa nzima ya vichwa na kofia. Umati ukipigwa kutoka juu huwa mto. Unapendeza, lakini haumkumbuki mtu yeyote. Picha za Chicago zinaposhuka chini na kuwa usawa wa macho ya mtoto, ndipo zinapopata uzito wake, kwa sababu mwandamanaji anakuwa mtu mmoja mwenye miwani fulani na ufa fulani katikati ya meno.

Tukumbuke pia gharama. Filamu ya milimita 16, ikienda kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, humaliza futi 100 kwa muda wa dakika 2 na sekunde 47 hivi, na mkebe mkubwa wa futi 400 hudumu kwa dakika 11. Baada ya hapo kamera inafunguliwa, filamu inabadilishwa gizani au kivulini, na maandamano hayakusubiri. Sauti ilinaswa kwa mashine nyingine kabisa. Nagra, kinasa sauti kilichobuniwa na Stefan Kudelski huko Uswisi, ndicho kilichokuwa kikisifiwa, lakini wanafunzi wa chuo hawakuwa na kawaida ya kumiliki vitu kama hivyo. Kila sekunde iliyopigwa ilikuwa imenunuliwa, kisha ikalipiwa tena ilipokwenda kusafishwa. Mimi leo naweza kuacha kamera ikirekodi tangu bibi harusi anapoingia ukumbini hadi keki inapokatwa, na nikirudi nyumbani sina hata uso mmoja niliouchagua. Mtu mwenye dakika tatu mkononi huchagua. Anaponyanyua kamera amekwisha kuamua kwamba huyu, na si yule wa pembeni yake, ndiye atakayebaki.

Hapa inanibidi niseme la kwangu. Katika miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa nikitumia kanda ndogo za video, na kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo tulizirudia. Mwaka mmoja niliitwa kupiga picha mkutano wa wazazi wa shule fulani ya msingi, waliokuwa wakilalamikia uwanja wa watoto uliotaka kuchukuliwa. Ulikuwa mkutano mkali na mzuri. Mzee mmoja alisimama na kueleza, mwaka kwa mwaka, jinsi wanakijiji walivyofyeka kichaka na kujenga madarasa ya kwanza kwa mikono yao. Wiki mbili baadaye nilipungukiwa kanda, nikaichukua ileile na kurekodi juu yake sherehe ya kumfunda mwali. Mzee yule amekwisha kufariki. Sherehe ninayo mpaka leo, na hakuna aliyewahi kuiulizia.

Siwasimulii haya ili nijipige kifua. Nataka tu ieleweke kwa nini naheshimu ile mikebe iliyokaa rafuni Chicago. Hata vituo vikubwa vya televisheni vilikuwa na desturi ya kufuta kanda za video na kuzitumia upya, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba jana itahitajika tena. Filamu ya selulosi haifutiki hivyo, lakini nayo ina adui zake: ikihifadhiwa penye joto na unyevu huanza kuoza polepole, ikatoa harufu kali kama ya siki, ikajikunja na kufifia. Anayejua hali ya hewa ya pwani yetu atakisia zingebaki ngapi kama zingewekwa stoo ya Kariakoo.

Quinn na wenzake, wakiwemo watayarishaji Rachel Dickson na Tracye Matthews, walipoanza kuitengeneza filamu, walikutana na tatizo ambalo mpiga picha wa umati hulijua: walikuwa na nyuso lakini hawakuwa na majina. Walichofanya ni kutoa picha mnato kutoka kwenye filamu zile na kuziweka mtandaoni, wakiomba watu wazitazame na kusema kama wanajiona, au wanamwona dada, mjomba, jirani. Ni njia ambayo bibi yeyote wa kwetu angeielewa. Ukitaka kujua watu waliomo kwenye picha ya zamani, unaipitisha kwa wazee sebuleni hadi mmoja aseme, huyu ni fulani wa fulani. Baadhi ya watu walijiona. Watoto waliokuwa na umri wa kubeba mabegi ya shule mwaka 1963 walikuja mbele ya kamera wakiwa na mvi, wakakaa kitini na kueleza siku ile ilikuwaje.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo lile swali langu la mwanzo, la kumpiga picha asiyekuwepo, linapopata jibu lake. Mwaka 1963 picha zilionyesha watoto waliokuwepo barabarani, lakini hazikuweza kuonyesha walikotoka. Mtu mzima anapoanza kusimulia kuhusu darasa lililojaa, kuhusu tela, kuhusu mzazi aliyemruhusu asiende shule huku akiogopa atakaloambiwa kazini, yale madawati matupu yanaanza kuonekana bila mtu kuyapiga picha. Filamu ilihitaji miaka hamsini ili ikamilike, na isingekamilika mapema zaidi hata kama wangekuwa na fedha zote, kwa sababu mhusika wake mmoja alikuwa ni muda.

Lipo jambo moja ambalo filamu inalitaja kwa haraka nami ningelipa nafasi zaidi. Waliogoma walikuwa karibu 225,000, na walioandamana 10,000. Kwa kila mtoto au mtu mzima unayemwona barabarani, wapo zaidi ya ishirini ambao kamera haikuwaona kabisa, waliokuwa kanisani wakifundishwa, au nyumbani wakimlea mdogo wao, au wamelala. Hao wanajulikana kwa sababu moja: shule zina daftari la mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu huita majina na kuweka alama, na asubuhi ile aliweka alama za utoro darasa kwa darasa, jiji zima, kisha hesabu ikapelekwa juu kwa watu walewale waliokuwa wakigomewa. Ushahidi mkubwa kuliko wote wa mgomo uliandikwa na upande wa pili, kwa wino wa serikali. Ningekuwa mimi ndiye mhariri, ningeomba ukurasa mmoja tu wa daftari hilo, niuache kwenye skrini kwa sekunde kumi bila muziki.

Kuhusu yaliyofuata, nitayapitia kwa kifupi. Tarehe 3 Februari 1964 wanafunzi wa New York waligoma, wakiongozwa na Mchungaji Milton Galamison pamoja na Bayard Rustin, yuleyule aliyeratibu maandamano ya Washington ya Agosti 1963, na hesabu ya watoto ambao hawakuhudhuria ikafika 464,000 hivi. Mwezi huohuo Chicago iligoma kwa mara ya pili, safari hii kwa wanafunzi pungufu. Willis hakuondoka hadi mwaka 1966. Shule hazikuchanganyika kama walivyodai waandamanaji, na mpaka ule usioonekana uliendelea kufanya kazi yake.

Filamu inaunganisha habari hiyo na tarehe 22 Mei 2013, siku ambayo Bodi ya Elimu ya Chicago ilipiga kura ya kufunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo, nyingi zikiwa katika mitaa ya Weusi, na wazazi na wanafunzi wakaingia tena barabarani. Nimesoma watu wakilisifu sana daraja hilo kati ya miaka hiyo miwili. Mimi nalikubali kwa hoja, ila kwa ufundi naona limejengwa haraka. Picha za 2013 ni za rangi, kali, zimepigwa na kila mwenye simu, na zikiwekwa karibu na zile nyeusi na nyeupe zinazinyang'anya pumzi. Ningependa zile za zamani ziachwe zitembee kwa muda mrefu zaidi kabla ya kukatwa. Lakini nusu saa ni nusu saa, na anayekosoa uhariri wa mwenzake mara nyingi hajui ni nini kilichobaki sakafuni.

Mama yangu alisoma Tanga mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Tanganyika ilipokuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake na sare yake, mpaka utaratibu huo ulipofutwa kuanzia Januari 1962. Anayo picha moja tu ya shule, ya darasa zima, iliyopigwa na mpiga picha wa studio aliyekuja na kitambaa cheusi na miguu mitatu. Majina ya waliomo anayajua yote isipokuwa mawili. Mwezi uliopita alikuja kukaa nami kwa wiki moja, nikamwekea filamu ile kwenye kompyuta na kumtafsiria maneno kadiri nilivyoweza.

Alitazama kimya sehemu ya matela na ya kukamatwa watu. Tulipofika kwenye maandamano akaniambia nisimamishe, akasogeza miwani, akainama kwenye skrini.

"Baba, siku hiyo ilikuwa siku gani?"

"Jumanne, Mama."

"Jumanne, na wamevaa nguo za Idi," akasema. "Mama zao walipiga pasi usiku."

Sikuwa nimeliona hilo, mimi ninayelipwa kutazama. Makoti yamefungwa vifungo, kola zimenyooka. Watoto wale hawakutoka nyumbani kama watoro. Kuna mtu aliyewatayarisha, naye hayumo kwenye picha. Mama aliniuliza kama wote wale wamekwisha kupatikana, nikamjibu kwamba ni baadhi tu. Akaniambia nirudishe nyuma kidogo, pale wanapoanza kupita, na niende polepole.